Kura ya Wauza Vitambaa wa Nchi Tatu

Shangazi yangu aliuza vitenge na khanga Kenyatta Market kwa miaka kumi na saba. Kibanda chake kilikuwa kati ya saluni mbili, na nyuma yake walikaa wachoma nyama, kwa hiyo kila kitambaa alichouza kilinuka moshi wa mbuzi na mafuta ya nywele. Wateja wa Lavington walilalamika. Wateja wa Kangemi walivipeleka nyumbani wakavifua, basi. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya wakili mjini, na kila Jumamosi nilipotoka kazini saa saba nilimfuata sokoni nimwandikie barua zake. Yeye aliishia darasa la nne. Aliandika kwa taabu, herufi kubwa tupu, kila moja ikiegemea nyuma kama mtu anayevutwa koti.

Mwaka wa 1988 nilimsindikiza kwenda kupiga kura ya mlolongo. Kwa wasiokumbuka, ulikuwa uteuzi wa wagombea wa chama, na chama kilikuwa kimoja tu. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Watu walijipanga nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, kisha wakahesabiwa kama wanafunzi gwarideni. Katika uwanja wa shule moja upande wa magharibi wa jiji, mstari aliosimama Shangazi ulizunguka choo cha wavulana ukatokea upande wa pili. Ule mwingine haukufika hata kwenye mlingoti wa bendera. Jua lilipokuwa kali likasomwa tangazo: mstari mfupi umeshinda. Nilingoja watu wapige kelele. Hawakupiga. Mzee aliyekuwa mbele yetu alicheka kidogo, akavaa kofia yake akaondoka. Shangazi alivua viatu, akavikung'uta vumbi, akasema, "Twende. Nina mteja saa nane."

Sikumsikia tena akizungumza siasa kwa miaka kadhaa, hata vyama vingi viliporudi na mjini kila mtu akawa anainua vidole viwili, alama ya upinzani. Alikuwa na mambo ya mpakani ya kumshughulisha.

Khanga na batiki alizipata kutoka Arusha. Vitenge vilimfikia kupitia Jinja. Yeye naye alipeleka huko blanketi na sweta za viwanda vya hapa. Hakuwa peke yake. Wanawake wengi wa Kenyatta Market na Ngara waliishi kwa biashara hiyo, na kila mmoja alivuka mpaka kwa namna yake, akijieleza mwenyewe mbele ya afisa wa forodha, na kila afisa alikuwa na kanuni yake. Leo robota mbili za vitambaa ni vitu vya nyumbani, kesho robota moja ni biashara kubwa na inataka kibali kutoka makao makuu. Mwanamke akirudishwa Jumanne alirudi Jumatano kwa afisa mwingine, akapita. Ilichosha.

Wazo la chama lilitoka kwa mwenzake wa Arusha, mjane mrefu aliyesema kwa sauti ya chini na Kiswahili kilichopigwa pasi. Alikuwa amekuja kuleta mzigo, akakaa kibandani anakunywa chai.

"Dada," alimwambia Shangazi, "sisi tukienda mmoja mmoja tunaonekana wachuuzi. Tukienda na barua yenye muhuri, ya wanawake wa nchi tatu, tutaonekana watu."

Shangazi alinigeukia. "Umesikia? Leta karatasi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa katibu wa chama ambacho mimi mwenyewe sikuwa mwanachama wake.

Mahali pa kukutania alitupa mfanyabiashara mmoja wa Ngara, mzee wa Kigujarati aliyewauzia wengi wao kwa jumla. Ghorofa ya juu ya duka lake ilikuwa stoo ya majora ya vitambaa, na katikati aliacha nafasi ya kutosha viti vya kukodi. Siku hizo mkutano wowote ulitakiwa kuwa na kibali, nasi hatukuwa nacho. Mara moja askari alipanda ngazi akauliza kuna nini. Shangazi alimjibu bila kupepesa macho, "Kamati ya harusi, afande." Askari akatazama yale majora yote ya vitambaa, akaona jibu linatosha.

Mkutano wa kwanza walifika wanawake sitini na watatu: thelathini na wanane wa kwetu, kumi na wanne wa Uganda, kumi na mmoja wa Tanzania. Nakumbuka hesabu hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyeandika majina. Wa Uganda waliongozwa na mwanamke mfupi mnene kutoka Jinja, mwalimu aliyeacha chaki kwa sababu mshahara ulikuwa hautoshi kununua sabuni. Alikuja amevaa gomesi, vazi la kwao, la zambarau. Alisema Kiswahili kwa kusitasita, akituomba radhi kila baada ya sentensi.

"Kwetu lugha hii tuliisikia kwa askari, kwa vizuizi," alisema. "Mimi nikiisema, mkono inatafuta kitambulisho. Lakini nitasema."

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuandika katiba. Kumbe ugumu ulikuwa kwenye jambo ambalo sikuliwekea hata mstari kwenye ajenda: kura ya kumchagua mwenyekiti tutapiga namna gani?

Mwanamke wa Jinja alisimama kwanza. Alipendekeza wagombea wasimame mbele na kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka.

Ukumbi ukalipuka. Muuza sweta mmoja wa Ngara alisimama juu ya kiti. "Hiyo hapana! Mambo ya kupanga laini sisi tushaona! Unapanga laini mrefu mpaka barabarani halafu unaambiwa umeshindwa!"

Mwanamke wa Jinja alishangaa kwelikweli. "Lakini nnyabo, mama, laini unaiona kwa macho yako. Kwetu sanduku ndiyo ilituibia. Sanduku iliingia kwa ofisi na kura zetu, ikatoka na kura zingine. Sasa kijijini tunapanga laini, mtoto pia anaweza kuhesabu. Karatasi, nani anaiona?"

"Na sisi tulihesabiwa na macho yakiwa wazi!" alijibu muuza sweta.

Wote wawili walikuwa wakisema walichokiona. Nilikaa na kalamu yangu juu ya daftari nisijue niandike nini. Yule mjane wa Arusha alinyanyua mkono taratibu, akangoja mpaka watu wakanyamaza.

"Ndugu wajumbe," alisema, "kwetu tumezoea karatasi. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Na kwa kiongozi mkuu, jina moja tu, unasema ndiyo au hapana. Lakini kusema kweli, mara nyingi tunazungumza mpaka tukubaliane, halafu kura inakuwa ya kumalizia tu. Mimi naona tuzungumze."

"Tuzungumze mpaka lini?" Shangazi aliuliza. "Hawa wa Jinja basi lao linaondoka saa kumi."

Basi tukazungumza mpaka saa tisa, na kwa sababu Wakenya walikuwa wengi, ikapita karatasi ya siri. Nilikata karatasi za ofisini. Mzee wa Kigujarati alitupa debe la biskuti. Mtu mmoja alisema mzee ndiye ahesabu, kwa kuwa si wa nchi yoyote kati ya hizi.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, mimi nimezaliwa Kisumu," alisema. "Duka langu la kwanza lilikuwa Kampala, mpaka tulipofukuzwa. Mke wangu ni wa Moshi. Nchi zote tatu ni zangu." Alisema bila hasira, na wengine wakacheka, lakini yule aliyependekeza aliinamisha uso. Mzee akahesabu.

Shangazi alipata kura thelathini na tisa, mwanamke wa Jinja kumi na tatu, mjane wa Arusha kumi na moja. Kila mtu alimpigia wa kwao, isipokuwa Mganda mmoja tu, ambaye hatukumjua kamwe. Wakenya walipiga vigelegele. Wageni walipiga makofi ya adabu, wakachukua mikoba yao.

Shangazi alikuwa mwenyekiti hodari. Ndani ya miezi mitatu alikuwa ameketi mara nne na wakubwa wa forodha mjini, mimi nikiwa pembeni na faili. Alipata alichotaka: mwanachama mwenye kadi ataruhusiwa kuvuka na robota mbili bila kibali, katika mpaka wa kusini. Maafisa nao walitaka wanachama wavuke siku mbili tu kwa wiki, ili wakaguliwe pamoja. Wakataja Jumanne na Ijumaa. Shangazi alikubali papo hapo. Siku hizo zilimfaa yeye, ziliwafaa watu wa Ngara. Nilipiga chapa makubaliano, nakala tatu kwa kaboni, tukatuma Arusha na Jinja.

Arusha hawakujibu. Mwezi wa pili tangu hapo, mjane alikuja mwenyewe. Safari hii hakukaa kunywa chai. Alisimama mbele ya kibanda, vitambaa vikipepea kati yao.

"Dada, Jumanne ni gulio letu. Na Ijumaa nusu ya wenzangu wanasali. Hiyo kadi yako imewafungia njia. Bila kadi walikuwa wanapita siku yoyote, kwa shida lakini wanapita. Sasa afisa anawauliza, wewe ni wa chama? Basi ngoja siku yako."

"Mngeniandikia," alisema Shangazi.

"Wewe ungetuuliza."

"Mimi nilichaguliwa. Niliamua kwa niaba ya wengi."

"Wengi wa nani?"

Shangazi alichukua khanga iliyokuwa imekunjwa tayari, akaikunjua, akaikunja tena. Mjane aliendelea, kwa sauti ileile ya chini: "Tulipiga kura. Tulihesabiwa vizuri, sina lawama na hesabu. Lakini hata tukipiga kila mwaka mpaka tufe, sisi kumi na mmoja hatuwezi kuwashinda thelathini na wanane. Sasa tunakuja Nairobi kufanya nini? Kuwashangilia?"

Mjane alipoondoka kwenda stendi, Shangazi aliendelea kuikunja khanga ileile. Mteja alimwuliza bei mara mbili. Halafu akaniambia, bila kunitazama, "Andika. Mwenyekiti lazima akubaliwe na zaidi ya nusu ya kila upande. Si ya wote pamoja. Ya kila upande. Na neno lolote la mpakani, au la chama chenyewe, hivyohivyo."

Nilimweleza, kama karani wa wakili, kwamba kanuni hiyo ina hatari, kwamba watu sita wa Arusha wanaweza kuzuia wote.

"Wacha wazuie," alisema. "Andika."

Mkutano wa pili ulikuwa mwaka uliofuata, ghorofa ileile. Kanuni ilipita kwa sababu Shangazi aliitetea mwenyewe, na Wakenya walimpenda kiasi cha kutosoma alichowaomba wakubali. Walidhani ni heshima kwa wageni. Namna ya kupiga kura nayo ilibadilika. Kila nchi ilikuwa na debe lake. Kila mtu alipewa karatasi moja kwa kila mgombea, aandike ndiyo au hapana. Na kwa sharti la mwanamke wa Jinja, karatasi zilifunguliwa hadharani, moja moja, juu ya meza katikati ya watu, huku kila anayetaka amesimama anatazama.

Wagombea walikuwa wawili, Shangazi na mwanamke wa Jinja. Mjane wa Arusha alikataa kusimama.

Mzee wa Kigujarati alifungua karatasi, mimi nikasoma kwa sauti na kuandika. Tulianza na Shangazi. Kwa Wakenya, ndiyo thelathini na tano kati ya thelathini na nane. Kwa Waganda, tisa kati ya kumi na nne. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza tulipofungua debe la Tanzania. Hapana. Hapana. Ndiyo. Hapana. Ndiyo zilikuwa nne. Zilitakiwa sita.

Mwanamke wa Jinja alipata zote kumi na nne za kwao na nane za Tanzania. Likabaki debe letu, na hapo alihitaji ishirini. Nilisoma. Zilikuja ndiyo nyingi kuliko nilivyotarajia. Wengine walimpenda tangu siku ile ya kwanza, kwa ile habari ya mkono kutafuta kitambulisho. Karatasi zilipokaribia kwisha alikuwa na kumi na tisa. Zikafuata hapana mbili. Kisha mzee akafungua karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na aliponipa nikaona herufi kubwa zinazoegemea nyuma. NDIYO.

Hapakuwa na mwingine mle ndani aliyeandika vile. Niliinua macho. Shangazi alikuwa anatazama dirishani, upande wa Mto Nairobi. Nikasoma, "Ndiyo," kama nilivyosoma nyingine, nikapiga mstari daftarini. Iliyobaki ilikuwa hapana. Ishirini kamili.

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Kisha yule muuza sweta akapanda tena juu ya kiti. "Ngoja! Jumlisheni! Mama yetu ana arobaini na nane, huyu ana arobaini na mbili! Mwenye nyingi ameshindwa? Hii ni mlolongo ingine! Laini mrefu imeshindwa tena!"

Wengine wakadakia. Kiti kilianguka. Wageni walikusanyika upande wao, mikoba kifuani, na nikaona mwanamke wa Jinja akihesabu kwa macho hatua za kufika kwenye ngazi. Shangazi alitembea mpaka mbele. Hakuwa mtu wa hotuba. Alingoja.

"Siku ile ya mlolongo," alisema, "tulishindwa na tangazo. Leo nimeshindwa na karatasi mmeziona zote. Kanuni niliileta mimi. Kama mngependa nishinde, mngeikataa nilipoileta." Kisha akamgeukia yule wa kitini. "Shuka, mama. Hicho kiti ni cha kukodi."

Wanne walitoka siku hiyo na hawakurudi tena. Wengine walibaki, wakinung'unika. Shangazi alimpa mwanamke wa Jinja muhuri, na yule mwanamke akaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai.

Nikieleza kwamba mambo yalikuwa mazuri tangu hapo nitakuwa nimedanganya. Mwenyekiti mpya hakufanya neno bila kuuliza kila upande. Barua zilikwenda na kurudi kwa madereva wa mabasi. Simu tuliziagiza posta, tukangoja kwenye kibanda, laini ikakatika. Kubadilisha Jumanne na Ijumaa kuwa Jumatatu na Alhamisi kulichukua miezi minane, siku mbili tu, kwa sababu Ngara hawakutaka Jumatatu na Jinja walikuwa na swali kuhusu mpaka wao. Shangazi angeimaliza kwa wiki moja. Alilijua hilo, na mara kadhaa sokoni nilimwona akianza kusema kitu kisha akakiacha. Lakini Jumatatu na Alhamisi zilipoanza, Arusha walivuka. Na walipovuka walikuja hadi Kenyatta Market, ambako mwaka mzima walikuwa hawajakanyaga. Mjane aliketi akanywa chai yake. Hawakuzungumzia kura. Walizungumza juu ya rangi za khanga zinazochuja.

Kuhusu ile karatasi, sikumwuliza, naye hakunieleza. Kwa muda iliniudhi kwamba niliijua. Kura ya siri si siri kama karani ni mpwa wako. Nilifikiri kumwambia mwanamke wa Jinja, nikaona haitamsaidia. Nadhani Shangazi alipima tu, kama alivyopima kitambaa kwa mkono bila futi: yeye hapiti, na asipopita wa Jinja hapiti mtu, na chama kitakufa mchana huohuo. Au labda alimpenda. Sijui.

Kilichokuja kuumaliza mkusanyiko wetu ni mitumba, si kura. Kufikia katikati ya miaka ya tisini nguo kuukuu kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaa kila soko, na mwanamke wa kawaida alinunua sketi kwa bei ya nusu kitenge. Wauza vitambaa walipungua. Wengine waligeukia mitumba wenyewe. Wakati huohuo tukawa tunasikia redioni kwamba serikali tatu zimeanza tena kuzungumza juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzee wa Kigujarati, aliyeikumbuka ile ya kwanza, reli zake na stempu zake, alisikiliza habari hizo akiwa anakunja vitambaa, akasema tu, "Na huko kura watazihesabu namna gani?" Hatukujua kama aliuliza kwa dhati.

Mkutano wa mwisho nilioandika walifika watu tisa: sita wa kwetu na watatu wa Tanzania. Mwenyekiti alituma salamu kwamba amerudi kufundisha na hataweza kusafiri. Ajenda ilikuwa moja, kukivunja chama kwa heshima na kugawana viti viwili na kabati tulivyokuwa tumenunua. Wote tisa walikubali. Nilifungua katiba ili niinukuu vizuri kwenye kumbukumbu, nikasoma mara mbili kabla ya kusema.

"Shangazi, hatuwezi."

"Hatuwezi nini?"

"Kuvunja. Inatakiwa zaidi ya nusu ya kila upande, na Uganda hayupo hata mmoja."

Walinitazama. Mjane wa Arusha ndiye aliyeanza kucheka, kicheko ambacho sikujua anacho, mpaka akashika majora yasimwangukie. Wengine wakafuata. Mzee akaleta chai na mandazi kutoka hoteli ya jirani, wakala, wakaulizana habari za watoto, na saa kumi kasorobo wa Arusha wakaondoka kuwahi basi lao. Kabati lilibaki pale juu. Niliandika kwamba mjadala umeahirishwa, nikaweka tarehe, Shangazi akatia sahihi.